Njia ya Kurudi Wikioni

Sisi watu wa nyumba za mawe tuna tabia moja mbaya: tukigombana hatupigani, tunaziba milango. Mtu wa Ng'ambo, mitaa ya nje ya mji wa mawe, akikosana na dada yake atamsema uani mpaka majirani wasikie, wakubwa wataingia kati, na Ijumaa haifiki wameshapelekeana sahani. Sisi hatusemani. Tunamwita fundi, tunamwonyesha mlango, tunamwambia ziba hapa. Kisha tunakaa ndani na heshima zetu mpaka tunakufa nazo. Nasema kwa hasira, najua, na hasira hii sina pa kuipeleka.

Nyumba yetu na ya mama mkubwa, dada yake mama, zinatazamana. Katikati pana kichochoro. Mtu mzima akinyoosha mikono anagusa kuta zote mbili. Juu, nyumba hizo ziliunganishwa na wikio, yaani kijichumba chembamba kinachopita hewani juu ya kichochoro, kina sakafu na dari na vidirisha vya kupitisha upepo. Babu yao ndiye aliyelijenga, ili wanawake wa nyumba hii wende nyumba ile bila ya kushuka ngazi na kuvaa buibui. Mama na dada yake walikulia humo. Walicheza kibe humo, walisukana nywele humo, na hata walipoolewa, kila mmoja na nyumba yake, sahani za mchuzi zilikuwa zikipita wikioni zikiwa bado zinatoa moshi.

Bibi yangu, mama yao, alifia kwetu. Nilikuwa mtoto wa kutumwa dukani, miaka ya themanini na kitu. Mama mkubwa siku hizo alikuwa shamba, kaskazini, kwenye machungwa ya mumewe, na huko hakukuwa na simu. Mama akamtuma mtu na gari akamwite. Tukangoja. Adhuhuri ikapita, mama mkubwa haji, wala hakuna aliyerudi na jibu. Wazee wa kiume waliokaa barazani wakasema maiti haingoji, na baada ya sala ya alasiri jeneza likatoka. Mama mkubwa aliingia jua linakuchwa. Akakuta kitanda kimeshaoshwa.

"Hukuningoja," alimwambia mama mbele yetu sote.

"Nilikutumia mtu. Hukurudisha jibu."

"Nilirudisha. Nilisema mningoje."

Nani aliyelibeba jibu hilo, hakuna anayejua mpaka leo. Wengine walisema mjumbe alikwenda Michenzani, kwenye fleti ya mjomba, akidhani msiba uko huko, akakuta mlango umefungwa. Wengine walisema hapakuwa na mjumbe. Na mzee mmoja wetu, Mungu amsamehe, akitaka kuyamaliza maneno, akasema asiyekuwepo na lake halipo. Mama mkubwa ndiye binti mkubwa. Kumuosha mama yake ilikuwa haki yake, na hata uso wake hakuuona. Wiki ile ile akamwita fundi akauziba mlango wa wikio upande wake, kwa mawe na chokaa. Mama naye akatia kufuli upande wetu, na dirisha linalotazama kwa dada yake akalipiga misumari.

Watoto hatukukatazwa kitu. Nilikuwa nikishuka ngazi, nikivuka kichochoro, nikipanda ngazi za pili, nikipewa visheti. Nikirudi mama ataniuliza nimekula nini, ataniuliza vilitiwa iliki au havikutiwa, kisha atasema, "Sikukuuliza mimi," na ataondoka. Hivyo ndivyo nilivyokua, nikibeba habari za iliki baina ya nyumba mbili.

Mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili nilikuwa nafanya kazi ofisi moja karibu na bandari. Niliwekwa kuziangalia kompyuta kwa sababu mimi peke yangu nilikuwa siziogopi. Nikapenda. Nikataka kufanya mtihani wa ufundi wa mitandao, lakini huo hausomwi kwa kitabu tu. Unataka mashine za kuzivunja na kuzitengeneza tena, na mashine hizo hazikuwepo isipokuwa kazini, na kazini ukizivunja unafukuzwa. Ofisi ilipotupa kompyuta zake kuukuu nilimwita hamali mmoja na rukwama lake, tukazisukuma mpaka nyumbani. Mama alikuwa juu ngazini anatazama zikipandishwa.

"Wenzio wanaletewa posa," akasema, "wewe unaletewa makopo."

Nikamwomba ufunguo wa wikio. Pale ndipo pahala pekee nyumbani palipokuwa patupu na pana upepo, na makopo yale yakipata joto hufa. Mama akautoa ufunguo kwenye kisanduku chake cha udi, kama aliyekuwa akingoja kuombwa. Ndani nilikuta susu letu la kulalia utotoni, majamvi yaliyoliwa na mchwa, na chanuo la mti lililovunjika meno. Chanuo mama alilichukua. Nikafagia, nikaweka meza, na kwa kipande cha kaa nikaanza kuchora mipango yangu juu ya ukuta wa chokaa, maana pale hapana wa kunigombeza.

Nieleze kidogo, na asiyependa mambo haya anivumilie. Mtandao wa kompyuta unaweza kuziweka mashine zote pamoja, kila moja inasikia sauti ya mwenzake moja kwa moja. Au unaweza kuugawa mitaa. Mafundi wanaita subneti. Kila mtaa una anwani zake, na mashine ya mtaa huu ikitaka kusema na ya mtaa ule, haiwezi yenyewe. Lazima impe neno mpitishaji anayeijua njia. Huyo mpitishaji ndiye ruta. Kazi yote ya mtihani wangu ilikuwa hiyo: kugawa mitaa vizuri, na kuwaonyesha wapitishaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Mwalimu mmoja niliyekuwa nikimwandikia barua pepe Dar es Salaam alinionya kwamba wanafunzi wote hupanga njia ya kwenda. Ya kurudi ndiyo wanayoisahau.

Mimi sikuisahau. Nataka hilo lijulikane.

Kwa muda nilicheza na mashine zangu peke yangu upande wetu. Lakini mtoto wa mama mkubwa, ambaye kwangu mimi ni kaka, alikuwa na kompyuta yake na modemu, kifaa cha kuingilia intaneti kwa njia ya simu, akiitumia kwa barua pepe za biashara yake ya viungo. Siku moja tumesimama kichochoroni akaniambia, "Si uvute waya mpaka kwetu? Fundi aliacha kitundu juu pale, cha hewa." Nikapanda meza nikatazama. Kweli, juu ya mawe yale palikuwa na kitundu, na ndani ya kitundu mwanga wa chumba cha mama mkubwa. Sijui ni miaka mingapi nilikuwa sijauona mwanga ule kutokea upande wetu. Nilipitisha waya, na upande wa pili kaka akauvuta.

Mama akaja akasimama mlangoni, mikono nyuma.

"Na hao nao wamo humo?"

"Wamo, mama."

"Chungu kimoja na sisi?"

Nikamwonyesha ukuta. Nikamwambia hapana: sisi mtaa wetu unaanza 192.168.1, wao mtaa wao 192.168.2, na hii kompyuta kuukuu katikati ya wikio ndiyo ruta, ina kadi mbili, moja inatazama kwetu, moja inatazama kwao. Hakuna anayeingia kwa mwenzake bila ya kupitia hapa. Mama akaitazama michoro ya kaa kwa makini.

"Hapo sawa," akasema.

Upande wa pili, mama mkubwa alimuuliza kaka swali lile lile, karibu kwa maneno yale yale, na alipoambiwa kila nyumba ina mtaa wake alisema Alhamdulillahi. Ingekuwa ni rahisi zaidi kuziweka nyumba zote mbili mtaa mmoja. Waya mmoja, kisanduku kimoja cha kuunganishia, basi, imekwisha. Ruta haina kazi. Lakini mtihani ulitaka mitaa, na wale wakubwa wawili walitaka mpaka, nami nilifurahi kwamba kwa mara ya kwanza nyumba zetu na masomo yangu yamekubaliana. Tulicheka sana na kaka juu ya jambo hilo.

Wakati huo mama alikuwa na presha. Daktari alinivuta pembeni akaniambia moyo wake umechoka, tumpe raha, asipande ngazi ovyo. Mama hakuambiwa, lakini alijua. Watu wa makamo yake huyajua mambo haya kabla ya madaktari. Akaanza kuniuliza. Mama mkubwa wako bado anakohoa? Ule mguu wake? Mama mkubwa alikuwa ameanguka bafuni akavunjika nyonga, na tangu siku ile hakushuka tena ngazi za nyumba yake. Siku moja nilimkuta mama wikioni peke yake, sikio kwenye mawe ya fundi. Aliponiona akajifanya anatazama ufa. Mimi nikaingia jikoni nikalia, kisha nikanawa uso nikaendelea na kazi. Tangu hapo nilichotaka duniani kilikuwa kimoja, wala si mtihani. Nilitaka wasemezane kabla mama hajafa.

Mtu atauliza, si simu ilikuwepo? Ilikuwepo. Lakini atakayepiga ndiye aliyekwenda kwa mwenzake, na hakuna aliyekuwa tayari kwenda. Dirisha je? Lina misumari, na hata lingekuwa wazi, wale si watu wa kusemezana madirishani mtaa mzima ukasikia. Ndugu wakigombana chukua jembe ukalime, wanasema. Wale walikuwa wamegombana hata jembe limeota kutu.

Ndipo nikafikiria programu ya kusemezana kwa sauti. Unaweka maikrofoni hapa na maikrofoni kule, na sauti inapita kwenye waya. Nikamwambia mama kwamba kwa ajili ya masomo yangu nahitaji kuijaribu na watu wawili, kaka yuko kazini, hakuna mwingine kule isipokuwa mama mkubwa. Nilisema uongo na yeye aliujua. Uongo huo ndio aliokuwa akiuhitaji.

"Mimi nakusaidia masomo tu," akasema.

"Ndiyo, mama. Masomo tu."

"Usije ukasema nimempigia."

Kaka akamwambia mama yake vile vile, naye akajibu kwamba hawezi kumnyima mtoto masomo. Jioni ya jana yake tulijaribu mimi na kaka. Sauti ilikwenda, sauti ilirudi, safi, nikasikia mpaka kunguru aliyekuwa kwenye paa lao.

Siku yenyewe baada ya sala ya alasiri mama aliingia wikioni amevaa leso mpya, doti niliyomnunulia Sikukuu iliyopita na alikuwa hajaigusa. Amejitia na udi. Kwa kusema na kompyuta! Sikucheka. Nikamketisha, nikamsogezea maikrofoni, nikafungua. Kwenye spika tukasikia chumba cha pili: kitanda kinalia, mtu anavuta pumzi, halafu kikohozi kile ambacho mama alikuwa akiniuliza. Mama aliushika mkono wangu. Kisha mara sauti ile ikakatika, kukawa kimya. Nikadhani mama mkubwa ametulia kusikiliza. Mama naye alidhani hivyo.

Akainama. Sauti aliyoitoa sikuwahi kuisikia kwake, ya mtoto mdogo.

"Dada. Shikamoo."

Tukangoja.

Kwetu sisi shikamoo haiachwi chini. Hata mwizi akikuamkia utamwitikia marahaba kwanza, ndipo uite polisi. Mdogo mtu amevunja kiburi cha miaka mingi akatoa shikamoo, na spika ipo kimya. Mama alingoja. Nikaona midomo yake inasogea kidogo, kama anayemkumbusha mwenzake neno. Halafu akauachia mkono wangu, akainuka, akaitandaza vizuri leso yake.

"Umeona," akasema. "Shikamoo yangu haina mwitikiaji."

Akaenda jikoni akaanza kuchagua mchele. Nilimwita, hakugeuka. Nikashuka ngazi mbio, nikavuka kichochoro, nikapanda za pili. Mama mkubwa alikuwa ameketi mbele ya kompyuta ya kaka, maikrofoni ameishika kwa mikono miwili, uso umelowa.

"Mbona hasemi tena?" akaniuliza. "Nimemwitikia. Nimemwambia marahaba, marahaba, mdogo wangu, mpaka koo limenikauka. Ameniamkia halafu amenikata. Ndivyo alivyokusudia?"

"Umemsikia?"

"Nimemsikia kama yuko hapa." Akapangusa uso. "Na hii mashine nayo, mwanzo kabla hajasema, ikaanza kulia. Ikapiga makelele kama paka wamegombana."

Nikatazama chini ya kioo. Palikuwa na alama ndogo inawaka na kuzimika. Modemu ilikuwa imejipigia simu yenyewe kwenda kuchukua barua pepe, kaka alivyoizoesha, na jana tulipojaribu haikuwa saa yake. Nikaelewa palepale, nikakaa sakafuni. Kompyuta zile za zamani zilikuwa na mambo yake. Modemu ikishafungua njia ya nje, mashine hulichukua kila neno linalokwenda mtaa mwingine na kulitoa kwa njia ile ya simu. Sauti ya mama iliingia bila ya taabu. Marahaba ya mama mkubwa ilitoka, lakini haikupita wikioni. Ilitoka kwa simu, ikaenda duniani huko, kwa mashine ambazo hazimjui yeye wala hazitujui sisi, zikaitupa. Na lilitokea hilo kwa sababu moja tu, kwamba nyumba zile zilikuwa mitaa miwili. Zingekuwa mtaa mmoja, modemu ingejipigia simu mpaka ichoke, na jibu lingerudi.

Nikamweleza mama mkubwa kama nilivyoweza. Nilidhani hatoelewa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kwa hivyo jibu nimelitoa, na halikufika."

"Ndiyo, mama mkubwa."

"Mara ya pili hii," akasema. Akaitazama ile kompyuta, na sikuona hasira usoni mwake, uchovu tu.

Nikamwomba afungue dirisha amwite mama kwa mdomo wake. Akanitazama kama niliyemwambia avue nguo. "Nipige kelele dirishani kama muuza dagaa? Na yeye akinyamaza, mtaa mzima ushuhudie?" Basi nikarudi kwa mama nikamweleza yote, modemu, njia, mitaa. Alikuwa bado na ungo wake mapajani.

"Kila siku majibu yake yanapotea njiani?" akasema. "Ya mwanzo yalipotea, na haya yamepotea. Ana bahati mbaya huyu."

"Mama, ameitikia. Amelia. Nimemwona kwa macho yangu. Amesema marahaba."

"Shikamoo haiitikiwi na mjumbe. Na usimfunike kwa mashine zako."

Siku ile ile kaka aliing'oa modemu akaitia kabatini. Nikajaribu njia, ya kwenda na ya kurudi, zote nzima. Tangu hapo kila alasiri mama mkubwa aliketi mbele ya ile kompyuta, maikrofoni wazi, akisoma uradi wake. Ukiingia wikioni na kuiwasha spika ungemsikia. Nilikuwa naiacha inawaka makusudi. Mama alikuwa akipita mlangoni akielekea jikoni, na nikiangalia naona hupita polepole, na huko jikoni mara nyingine hakuwa na shughuli yoyote.

Mfungo wa Ramadhani ukaingia. Siku moja nilimkuta ameketi kwenye kiti changu, kiganja amekiweka juu ya ruta, pale penye joto.

"Hivi vitaa vikiwakawaka," akauliza, "ndiyo wapo?"

"Ndiyo. Wapo."

Akavitazama. Spika ilikuwa inanong'ona, mama mkubwa yuko kwenye Yasini.

"Sikukuu n'tamwamkia," akasema. "Sikukuu watu wote wanaamkiana, si mimi peke yangu. Hapo hata akinyamaza, haitakuwa kitu."

"Hatonyamaza, mama."

"Nshasema Sikukuu. Usinihimize."

Sikumhimiza. Usiku na mchana nilikuwa naomba umeme usikatike siku ya Idi, kwa ujinga wangu, kama kwamba umeme ndio wa kuogopwa.

Mama hakuifikia Idi. Alikula daku, akasali alfajiri, akasema atajinyoosha kidogo. Kulipopambazuka vizuri nilikwenda kumwamsha, maana si kawaida yake kulala jua likamkuta. Alikuwa ameshakwenda. Amelala ubavu wa kulia, mkono chini ya shavu.

Mjomba alikuja kutoka Michenzani, na wanaume wakajaa barazani. Kabla ya saa nne mipango yote ilikuwa tayari: kaburi linachimbwa, sanda imeletwa, sala baada ya adhuhuri. Nikateremka mpaka kwenye ngazi ya mwisho nikamwita mjomba.

"Naam, mwanangu."

"Msimuoshe bado. Atangoja."

"Nani atakayengoja?"

"Mama. Atamngoja dada yake."

"Maiti haingoji, unajua. Na watu wamefunga."

"Huyu atangoja," nikasema. Sauti yangu ilipanda, na wanaume wakageuka, nami sikujali. "Mlikuwepo nyote mara ya kwanza. Na wewe mjomba ulikuwepo. Mkimtoa kabla dada yake hajamwona, mtanitoa na mimi."

Mjomba aliinamisha kichwa. Alikuwa amezeeka, ndevu nyeupe zote. Akasema, "Basi aitwe," na akakaa.

Kaka alikuwa ameshamwambia mama yake. Vijana wakataka kumshusha na kiti, lakini akakataa katakata kubebwa kichochoroni mbele ya wanaume kama gunia. Akasema sitopita huko, nitapita kwetu. Nilikuwa wikioni nikamsikia kwa masikio yote mawili, kwenye spika na nyuma ya mawe: "Mimi ndiye niliyeziba. Leteni nyundo."

Fundi yule wa zamani aliijua kazi yake. Mawe yalikataa. Kaka alipiga na tindo mpaka mikono ikamtoka damu, akapokewa na mwengine, akapokewa na mwengine, na chini barazani watu wanasikia kishindo juu ya vichwa vyao. Adhuhuri ikaadhiniwa, wakaenda wakasali, wakarudi wakakuta bado. Mimi niliiondoa meza, nikauchomoa waya kitunduni, nikaibeba ruta nikaiweka pembeni. Vumbi la chokaa liliniingia machoni na mdomoni. Michoro yangu ya kaa upande ule ilianguka pamoja na ukuta, mtaa wa kwanza na mtaa wa pili.

Tulingoja. Alasiri ilipokaribia, pakawa na upenyo wa mtu kupita. Mama mkubwa akauvuka akishikiliwa na mwanawe, mguu mmoja anauburura juu ya kifusi, leso yake nyeupe kwa chokaa. Katikati ya wikio alisimama akashika ukuta. Kisha akasema twende.

Alimuosha yeye. Hakuweza kusimama, tukamletea kiti, akawa anatuelekeza na maji anayamimina kwa mkono wake. Nywele alizichana mwenyewe, na nikamletea lile chanuo lililovunjika meno, ambalo nililikuta chini ya mto wa mama. Alilijua. Sanda ilipofika kwenye uso, muoshaji akamtazama akamngoja. Mama mkubwa akainama mpaka paji lake likagusa paji la mdogo wake.

"Marahaba," akasema. "Marahaba, mdogo wangu. Nilikuitikia siku ile ile."

Halafu akakaa ameinama vile vile, na hakuna aliyethubutu kumgusa. Mwishowe aliinua kichwa akaniuliza mimi, kwa upole kabisa, kama mtu anayetaka kujua tu, "Alijua?"

Nilimwambia kwamba nilimweleza. Nilimwambia kwamba Sikukuu angemwamkia tena. Kuhusu kama alijua, sikusema, kwa sababu sijui.

Jeneza lilitoka baada ya sala ya alasiri, kama la bibi, kupitia mlango ule ule.

Mlango wa wikio haukuzibwa tena. Baada ya Idi mama mkubwa akawa anavuka kila asubuhi kuja kukaa kwenye kitanda cha mama, na mimi nikirudi kazini namkuta ameshapika. Mtihani niliufanya, nikafaulu, na cheti sijui kiko wapi. Siku moja, kaka akiwa anahitaji kuchapisha karatasi zake kwenye mashine yetu, nilikaa wikioni nikaiondoa ruta. Nikaunganisha waya mmoja na mwenzake, nikabadilisha anwani za upande wa pili, nyumba zote mbili zikawa mtaa mmoja. Haikunichukua hata muda wa birika la chai kuchemka. Niligeuka mlangoni kwa mazoea, nikingoja kuulizwa kama sasa ni chungu kimoja, na hapakuwa na mtu.